Muulize Fundi: Impreza inapogonga, chomoa dipstiki kwanza

Mwezi huu barua nyingi zimekuja na jina moja, Subaru Impreza. Ni gari la spoti ambalo mtu wa kawaida wa huku kwetu anaweza kulimiliki, likampeleka kazini Jumatatu na Jumamosi akapanda nalo mlima. Nimefungua injini zake miaka mingi hapa gerejini kwangu Ilala, na huumia kila ninapoona moja imevutwa kwa kamba wakati wiki moja kabla ingeweza kuja ikitembea yenyewe. Nimechagua barua sita. Ya kwanza naijibu kwa kirefu, kwa sababu ugonjwa huo ulinikuta mwenyewe.

*

*Shikamoo Fundi. Nina Impreza WRX STI ya 2004. Majuzi nilikwenda harusini Lushoto. Wakati wa kupanda kutoka Mombo niliona taa nyekundu ya oili ikiwaka na kuzima kwenye kona, mara mbili tatu hivi. Tulipofika juu injini ikawa inagonga, ko-ko-ko, hasa nikiachia moto kidogo. Nilirudi nayo Arusha taratibu. Fundi wa jirani amesema ni tapeti, akaniwekea oili nzito na sauti ikapungua. Niendelee kutembea nayo?*
— Msomaji, Arusha

Marahaba, mwanangu. Usiendelee. Usiliwashe hata kulitoa juani. Waite vijana walisukume, au tafuta gari la kulibeba. Kila dakika injini hiyo inayozunguka sasa inakuongezea bei ya kuitengeneza.

Ngoja nikueleze kilichotokea pale kwenye kona. Injini yako ni ya boksa: pistoni nne zimelala ubavu, mbili huku na mbili kule, na krenki, shafti inayozungushwa na pistoni, iko katikati. Oili inakaa chini kwenye sampu, beseni la chini ya injini, na kuna bomba dogo linaloinyonya kuipeleka kwenye pampu. Barabara ya Mombo hadi Lushoto ni kilomita kama 33 za kona juu ya kona, upande mmoja mwamba na upande mwingine korongo. Ukiingia kona kwa kasi, oili yote inakimbilia pembeni. Ikiwa imejaa, mdomo wa lile bomba unabaki umezama. Ikiwa imepungua lita moja, bomba linanyonya hewa. Krenki haigusani na beringi zake. Inaelea juu ya utando mwembamba wa oili. Utando ukikatika kwa sekunde mbili tu, chuma kinakutana na chuma. Ile taa iliyowaka kwenye kona ndiyo iliyokuwa ikikuambia hivyo.

Nalijua hilo kwa sababu lilinipata barabara hiyohiyo, nikiwa na Impreza yangu ya 1996, nikienda kumwona mama. Oili nilikuwa nimeipima mwezi mzima uliopita. Baada ya kupita Soni taa ikawaka na kuzima, nikadhani ni waya umelegea. Nilipofika nilisikia mlio huo unaousikia wewe. Mtu mmoja niliyemheshimu sana katika kazi hii akasikiliza, akasema, "Tapeti hizo, teremka nalo tu." Niliteremka. Kabla sijafika Mombo injini ikakwama katikati ya kona, nyuma yangu basi linapiga honi. Nilipoifungua, beringi ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) ya silinda moja ilikuwa imezunguka ndani ya nyumba yake. Vipande viwili vilivyotakiwa kukabiliana vilikuwa vimelaliana, kimoja mgongoni mwa kingine, vyembamba kama kifuniko cha soda. Ninavyo mpaka leo kwenye droo ya meza yangu. Kijana yeyote anayekuja kujifunza kwangu huvishika siku ya kwanza.

Sasa tupime kabla ya kufungua, maana hata mimi naweza kukosea nikiwa mbali. Tapeti, vidude vinavyosukuma vali, hupiga mlio mwepesi, tik-tik-tik, juu kwenye hedi, na mwendo wake ni nusu ya mwendo wa krenki kwa kuwa kamshafti, shafti inayofungua vali, inazunguka nusu. Pistoni ya zamani nayo inaweza kugonga asubuhi injini ikiwa ya baridi, kisha ikanyamaza ikipata moto. Hiyo ni tabia ya injini hizi na haiui. Beringi ya konrodi ni kinyume. Inagonga kwa uzito, chini, na injini ikipata moto ndiyo inazidi, kwa sababu oili imekuwa nyepesi. Inasikika zaidi karibu na mizunguko 2,500 hadi 3,000 unapoachia moto. Hivyo ndivyo ulivyoandika.

Kinachomaliza ubishi ni oili yenyewe. Gari liegeshwe, oili imwagwe kwenye beseni safi, jeupe likipatikana. Ipitishe kwenye kitambaa cha pamba, kisha kitoe kitambaa juani. Ukiona vumbi linalong'aa kama magamba ya dagaa, hiyo ni beringi. Pitisha sumaku juu yake: vumbi la uso wa beringi halivutwi na sumaku. Halafu mwambie fundi akate filta ya oili kwa msumeno, aifungue ile karatasi mikunjo yake na kuitazama. Filta haidanganyi. Oili nzito aliyokuwekea jirani imeziba mwanya kwa muda, na wewe umepata ukimya wa siku chache. Ugonjwa uko palepale.

Kama vumbi lipo, injini inashuka. Na hapa naomba uniamini, maana hapa ndipo hela za watu hupotea mara ya pili. Kubadilisha beringi peke yake hakutoshi. Vile vipande vya chuma vimesafiri kila oili ilikopita: kwenye kula ya oili iliyo juu ya filta, kwenye bomba la kwenda kwenye tabo (feni inayosukuma hewa ndani ya injini), ndani ya tabo yenyewe, ndani ya pampu. Kula ya oili haisafishiki ikaaminika, itupe na uweke nyingine. Tabo ifunguliwe. Bomba la kunyonyea ndani ya sampu litolewe na litazamwe kwenye maungio yake, kwa sababu kwenye injini hizi za EJ, ndilo jina la aina ya injini yako, lina historia ya kupasuka pale lilipochomelewa, na likipasuka linanyonya hewa hata sampu ikiwa imejaa. Krenki iliyochubuka mimi siichongi, naweka nyingine. Injini ikisharudi, funga geji ya presha ya oili. Injini ikiwa ya moto na iko silensa, isipungue baa 1. Kwenye mizunguko 5,000 ifike baa 3. Nimeona gari likirudi kwa mwenyewe bila kupimwa hivyo na likafa tena baada ya wiki tatu.

Baada ya hapo, dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili. Kutoka alama ya chini hadi ya juu ni lita moja hivi. Pima kila unapojaza mafuta, gari likiwa sehemu tambarare. Kipimo cha asubuhi kabla ya kuwasha ndicho ninachokiamini, kwa sababu injini ya boksa ikizimwa oili inachukua muda kurudi chini kutoka kwenye hedi. Tazama pande zote mbili za dipstiki, na ushike ule upande unaoonyesha kidogo. Kabla ya kupanda mlima wowote, iwe kwenye alama ya juu.

*

*Hujambo Fundi? Nina Impreza ya 1997 aliyoniachia marehemu baba. Alilipenda gari hili tangu mwaka huo Colin McRae aliposhinda Safari Rally na Impreza. Sasa limekuwa zito, halivuti, na taa ya injini inawaka. Mafundi watatu wamechomeka mashine zao na hakuna iliyosoma. Wa mwisho anataka kuniuzia kompyuta nyingine ya gari.*
— Msomaji, Kisauni, Mombasa

Sijambo, ndugu yangu, na pole kwa kufiwa. Baba yako alikuwa na jicho. McRae alishinda 1997, na mwaka 2000 Richard Burns akashinda tena Safari na Impreza. Kenya siku hizi haiingizwi gari lililopita miaka minane tangu litengenezwe, kwa hiyo hilo la baba likifa huleti lingine kama hilo kutoka Japani. Usimkabidhi mtu anayebahatisha.

Kompyuta usinunue. Mashine zao hazikusoma kwa sababu Subaru za Japani za miaka hiyo zinazungumza lugha yake yenyewe, na mashine za kawaida za sokoni haziijui. Ila gari lenyewe linaweza kukuambia bila mashine yoyote.

Lala chali kwenye sakafu upande wa dereva, kichwa chini ya dashibodi, uwe na tochi. Juu ya pedali utaona waya zinazoning'inia zenye plagi za rangi: jozi nyeusi na jozi ya kijani. Zile za kijani ziache. Swichi ikiwa imezimwa, chukua zile mbili nyeusi uziunganishe. Sasa fungua swichi bila kuwasha injini, na utazame taa ya injini kwenye dashibodi. Itaanza kukonyeza. Mkonyezo mrefu ni kumi, mfupi ni moja. Chukua kalamu uandike. Mrefu mrefu, mfupi mfupi: hiyo ni 22.

Nakutajia 22 kwa sababu gari zito lisilovuta, la umri huo, mara nyingi ndilo jibu linalotoa. Ni sensa ya kunoki. Imefungwa kwenye bloku la injini na kazi yake ni kusikiliza, kama daktari na kipimo chake kifuani, mafuta yasije yakalipuka ndani ya silinda kabla ya wakati. Plastiki yake huzeeka kwa joto na kupasuka. Kompyuta ikiona sikio lake limekufa, inaogopa, inachelewesha moto wa plagi ili isiumize pistoni, na wewe unakaa kwenye kiti ukidhani tabo imeisha.

Kuibadilisha ni kazi ya saa moja. Toa intakula, lile rejeta la hewa lililo juu ya injini chini ya tundu la boneti, na utaifikia kwa soketi ya 12. Safisha sehemu inapokaa mpaka chuma kionekane, pasiwe na kutu wala mafuta, kisha kaza kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, Nm 24. Usikaze kwa nguvu za mkono. Ikikazwa kupita kiasi inasikia vibaya, na utarudi kwenye 22 ileile.

Ukipata 23 badala yake, ni sensa ya kupimia hewa inayoingia. Anza kwa kusafisha soketi yake na kukagua waya kabla ya kufungua pochi. Na chochote utakachokikuta, lijaze mafuta ya daraja la juu kabisa unalolipata pampuni. Injini hiyo ilipangwa kwa petroli ya Japani ya oktani 100, na ya kwetu iko chini ya hapo.

*

*Fundi, mimi ni dada wa Mwanza, naendesha WRX ya 2006, gia za mkono. Miezi miwili iliyopita niliwekewa ile vali ya tabo inayopuliza "pshuuu" nje ukibadilisha gia. Tangu hapo likibadilishwa gia linatoa moshi mweusi, na nikifika kwenye mataa linazima. Nimeshabadilisha plagi zote nne na fyuzi ya pampu ya mafuta.*
— Msomaji, Nyamanoro

Dada yangu, umeshaandika jibu kwenye swali lako: "tangu hapo." Mgonjwa akikumbuka siku ugonjwa ulipoanza, nusu ya tiba ameshaipata.

Gari lako linahesabu hewa mlangoni, kwenye sensa iliyo baada tu ya filta. Kompyuta ikishaambiwa hewa kiasi fulani imeingia, inamwaga petroli ya kuitosha. Vali ya kiwandani, unapoachia moto, inairudisha hewa ya ziada ndani ya bomba lilelile, mbele ya tabo, kwa hiyo hesabu haiharibiki. Vali yako mpya inaitupa nje. Petroli imeshamwagwa kwa ajili ya hewa ambayo haipo tena. Ndiyo moshi mweusi, ndiyo kuzima kwenye mataa. Zile plagi ulizonunua, zitoe moja uitazame: bila shaka imeshapakaa masizi makavu meusi, yanayofutika kwa kidole. Plagi nzima ya injini iliyo sawa ina rangi ya kahawia hafifu, kama chai ya maziwa.

Rudisha vali ya kiwandani. Hakikisha mpira mwembamba unaotoka kwenye manifoldi umefika juu yake na haujapasuka. Safisha plagi ulizonazo, usinunue nyingine. Najua sauti ile inapendeza, na vijana wengi huja kwangu kuitaka, lakini kwenye gari lenye sensa hiyo siifungi. Ukiendelea nayo, petroli isiyoungua itaenda kuchoma katalisti kwenye ekzosi, na hiyo ni bei nyingine kabisa.

*

*Assalaam alaykum Fundi. Niko Muscat, kwetu Unguja. STI yangu ya 2005 inachemsha nikiwa kwenye foleni na AC imewashwa, lakini nikitoka barabara kuu sindano inashuka. Hapa kiangazi jua linapita digrii 45. Nimeambiwa gasketi ya hedi imeungua.*
— Msomaji, Muscat

Wa alaykum salaam. Huenda imeungua, lakini dalili uliyoitaja haielekezi huko kwanza. Gari linalochemsha likisimama na kupoa likitembea linakosa upepo. Linalochemsha likikimbia barabara kuu linakosa maji, au rejeta limeziba ndani, au ndiyo hiyo gasketi.

Washa injini, washa AC, fungua boneti. Feni zote mbili lazima zizunguke. Moja ikilala umepata mwizi wako: jaribu kubadilishana rilei zake kwanza, kisha peleka umeme wa betri moja kwa moja kwenye mota. Feni zikiwa nzima, tazama kati ya kondensa ya AC na rejeta. Huko kwenu mchanga na vumbi laini hujipanga humo kama blanketi, na ukitazama kwa mbele tu huoni kitu. Osha kwa maji ya presha ndogo kutoka upande wa injini kuja mbele. Angalia pia kama ile plastiki ya chini ya injini bado ipo. Watu wengi huitupa wakishabadilisha oili, kumbe ndiyo inayoulazimisha upepo upite kwenye rejeta.

Halafu hewa ndani ya maji. Injini yenye tabo ina vifuniko viwili, kimoja kwenye rejeta na kingine kwenye tangi dogo lililo juu ya injini. Havina presha sawa, usivibadilishane. Na usifungue chochote injini ikiwa ya moto. Ikishapoa kabisa, inua pua la gari kwa jeki, fungua skrubu ya kutolea hewa juu ya rejeta, na umimine kulanti nusu kwa nusu na maji safi kupitia lile tangi la juu, polepole, huku mtu mwingine akiminya mipira ya rejeta kwa mkono. Mfumo mzima unachukua kati ya lita saba na nane. Ukiingiza tano tu ukaambiwa imejaa, kuna hewa. Themostati nayo nunua ya kiwandani. Nyingi za bandia zina tundu dogo, na kwa joto la Muscat huo udogo unaonekana.

Ukishafanya yote hayo, acha injini ipate moto uangalie chupa ya akiba. Mapovu yakija mfululizo, hayaishi hata baada ya nusu saa, basi aliyekuambia gasketi alikuwa sahihi. Kuna dawa ya bluu ya kupimia gesi hiyo juu ya mdomo wa rejeta. Ikigeuka njano, fungua hedi bila wasiwasi.

*

*Fundi, gari langu WRX 2003 limeanza kujikaza nikikata kona wakati wa kupaki, kama vile mtu amevuta hendibreki. Nimeambiwa giaboksi. Kilichobadilika ni tairi mbili mpya tu za mbele.*
— Msomaji, Morogoro

Azima utepe wa fundi cherehani. Zungusha kwenye kila tairi upime mzingo wake, zote zikiwa na upepo sawa. Subaru wanataka tofauti isizidi milimita 6 kati ya tairi zote nne. Tairi jipya lina kina cha milimita 8 hivi. Zako za nyuma zikiwa zimebaki 3, tofauti ni 5 kila upande wa kipenyo, yaani 10, na ukizidisha kwa 3.14 unapata milimita 31. Magurudumu ya mbele na ya nyuma hayazunguki sawa hata barabara ikiwa imenyooka, na difu ya katikati, inayogawa nguvu mbele na nyuma, inafanya kazi mchana kutwa bila kupumzika mpaka inachemka na kujikaza.

Weka nne zinazofanana leo, za chapa moja. Ukilipata mapema kujikaza kunaisha kwenyewe. Ukiwa umetembea nalo miezi, kile chombo cha katikati chenye mafuta mazito kitakuwa kimeungua na itabidi kibadilishwe. Giaboksi lisifunguliwe kwanza.

*

*Shikamoo Fundi. Nimepokea Impreza STI ya 2005 kutoka Japani, dashibodi inasoma kilomita 88,000. Aliyeniuzia anasema taimingi belti imeshabadilishwa kwa sababu kuna kibandiko kwenye boneti, kimeandikwa 22. Nimwamini?*
— Msomaji, Dodoma

Marahaba. Kibandiko ni kitu kizuri. Gereji za Japani hukibandika kila wanapobadilisha belti, pamoja na tarehe na kilomita. Lakini hiyo 22 huenda si 2022. Wajapani huhesabu miaka kwa utawala wa mfalme wao, na utawala wa Heisei ulianza 1989. Mwaka wa 22 wa Heisei ni 2010. Ongeza 1988 kwenye namba ya Heisei upate mwaka wetu. Zisome na kilomita zilizoandikwa hapo. Kama ni 2010 na kilomita 40,000, belti hiyo ni ya zamani sana kwa mpira unaokaa karibu na joto la injini, hata kama kilomita 100,000 hazijafika.

Ibadilishe. Kwenye injini hii belti ikikatika vali zinagonga pistoni, na haichagui silinda. Badilisha pamoja na tenshena inayoikaza, puli zake zote ikiwemo ile yenye meno, na wota pampu, kwa kuwa wota pampu inazungushwa na belti hiyohiyo na ikikwama inaikata belti mpya.

Ukimtafuta fundi, muulize swali moja kabla hajashika spana: alama ya krenki anaitazama wapi? Akikuonyesha mshale ulio mbele ya gia ya krenki, mshukuru uondoke. Alama ya kweli ni mkato mdogo ulio nyuma, kwenye jino la bamba linalosomwa na sensa. Mshale umewaharibia vali watu wengi, na vijana wawili wa kwangu nimewakamata wakiufuata kabla hawajaachia pini ya tenshena. Tena kamshafti za upande wa kushoto zinakaa zimekazwa na springi. Belti ikitoka zinaweza kuruka na vali zikagongana zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo zishikwe kwa kifaa chake. Tenshena ibanwe polepole kwenye jiliwa, ikiwa wima, kwa dakika kadhaa, si kwa kukamua mara moja.

Akimaliza, azungushe krenki kwa mkono na soketi ya 22, mizunguko miwili kamili, alama zirudi zinakotakiwa. Ikigoma popote, asilazimishe, arudi nyuma aangalie. Kisha andikeni tarehe na kilomita kwa kalamu ya rangi nyeupe juu ya kava la belti, kwa Kiswahili na kwa mwaka wetu, ili atakayelinunua gari hilo baada yako asihesabu Heisei.